Jibu la Gizani

Kila kazi ina neno lake ambalo watu hulisema bila kulifikiria. Dereva wa lori husema "twende" hata akiwa peke yake, na mpishi huiambia sufuria "haya basi" anapoitua. Katika chumba cha giza cha maabara ya mawe, neno hilo lilikuwa swali na jibu lake. Bi Taa aliuliza, "Limefunikwa?" Mumewe akajibu, "Limefunikwa." Hapo tu ndipo Bi Taa alipobonyeza swichi ya taa kubwa. Waliulizana na kujibizana hivyo miaka nenda, miaka rudi, na mazoea ni kitu kizuri sana, mpaka siku kiumbe kingine kinapoyajua.

Swali lile halikuwa la mchezo. Kuna fedha ambayo si ya pete wala bangili, fedha iliyolala ardhini pamoja na klorini au bromini au iodini mpaka ikageuka jiwe la rangi ya nta, laini kiasi kwamba kiwembe hulikata kama sabuni. Watu wa maabara waliliita fedha-pembe, kwa kuwa likishikwa lilifanana na pembe ya ng'ombe. Jiwe hili na mwanga ni maji na moto. Liweke juani kidogo tu, litaanza kupata weusi kama ngozi iliyopigwa, na likishapata weusi halirudi. Kwa hiyo lilipimwa gizani, chini ya taa ya zambarau, ile ambayo mwanga wake macho huuona kwa shida lakini mawe mengine huujibu kwa kung'aa rangi zao wenyewe. Fedha-pembe ni bahili wa kujibu. Katika joto la kawaida hunyamaza au hutoa kijimwanga cha kukopa; ili ing'ae kweli huna budi kuigandisha kwa baridi kali ya mitungi ya gesi iliyogeuzwa maji.

Bi Taa alishika taa. Mumewe alishika kiwembe na kulimenya jiwe ngozi yake ili lipate uso mpya, na kwa hiyo maabara nzima ilimwita Kiwembe. Walijuana humo humo gizani. Wenzao hawakuchoka kuwatania kwamba bwana alichumbia sauti, akauziwa mbuzi kwenye gunia.

"Na mbuzi akawa mnono," Kiwembe hujibu, kisha hukohoa kidogo, kikohozi chake kile cha aibu ambacho kilifuata kila aliposema neno.

Alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Ukimsukuma kwenye foleni, anakupisha na kukuomba radhi. Hakung'ang'ania kitu maishani mwake, wala kiti, wala ugomvi, wala kipande cha nyama cha mwisho. Bi Taa alikuwa akigombana kwa niaba yake, na alimpenda kwa mapenzi ya mtu anayejua kwamba bila yeye mwenzake ataliwa mzima mzima.

Jiwe lenyewe lililetwa siku ya joto la kuchoma utosi. Lilikuwa ndani ya kikasha cha bati, limezongwa kitambaa cheusi chenye mafundo juu ya mafundo, kama kwamba aliyelifunga hakuogopa mwanga kuingia bali kitu kutoka. Mkuu wa maabara, ambaye walimwita Daktari kwa sababu ya shahada zake, alilikabidhi kwa ncha za vidole.

"Limetoka kwenye mgodi uliofungwa zamani," alisema. "Wachimbaji hawakutaka kukaa nalo. Mambo ya watu wasiosoma hayo. Mlipime mniambie linang'aa au haling'ai."

Chumba cha giza hakikuwa na dirisha. Kuta zilipakwa rangi nyeusi, na mapazia mawili mazito yalining'inia mlangoni. Kiwembe alifungua mafundo kwa kupapasa, akaanza kumenya. Bi Taa aliisikiliza sauti aliyoizoea, ya wembe ukipita kwenye kitu laini, kisha akawasha taa ya zambarau.

Jiwe likawaka kijani, kijani cha jicho la paka, mpaka Bi Taa akaona vidole vya mumewe na meno yake.

"Lahaula," Kiwembe alinong'ona. "Hili limekunywa nini?"

Bi Taa alikuwa akitazama pumzi yake mwenyewe. Ilikuwa ikitoka mdomoni kama moshi, ndani ya chumba ambacho dakika chache zilizopita kilikuwa kimemlowesha jasho. Akazima taa ya zambarau. Jiwe lolote la fedha-pembe lingezimika papo hapo, lakini hili halikuzimika. Lilififia taratibu, likapanda tena, likafifia, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Lifunike," alisema. "Lifunike tutoke."

Akasikia kitambaa kikichakarika.

"Limefunikwa?"

"Limefunikwa."

Akabonyeza swichi. Kiwembe alikuwa amesimama kulia kwake, mkono mmoja ukipapasa meza kutafuta ncha ya kitambaa, mkono wa pili umenyooka juu ya jiwe, vidole wazi. Jiwe lilikuwa tupu chini ya taa.

"Mbona umewasha?" Kiwembe aliuliza.

"Si umejibu?"

"Sijajibu, mke wangu. Ndiyo kwanza natafuta kitambaa."

Ndipo Bi Taa alipokumbuka kwamba jibu lilitoka kushoto, kule kulikokuwa na ukuta mtupu na msumari wa kutundikia koti. Ilikuwa sauti ya mumewe. Hata kikohozi kidogo cha mwisho kilikuwamo.

Kiwembe alilirushia jiwe kitambaa, lakini walikuwa wamekwisha kuona. Uso mpya wa jiwe ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau iliyofifia, kasoro mahali pamoja. Pale palibaki alama nyeupe, ndogo kama ya mwanasesere, mkono wenye vidole vitano. Kivuli cha Kiwembe kilikuwa kimelikinga jiwe na mwanga, nalo likakihifadhi.

"Limenipiga picha," Kiwembe alisema, akajaribu kucheka. Harufu ya iodini, ile dawa ya kupaka vidonda, ilijaa chumbani, nao wakatoka wakisukumana kama watoto.

Jioni hiyo Kiwembe alifika nyumbani akitetemeka. Mama yake, mama mkwe wa Bi Taa, aliyeishi nao na kuendesha jikoni kwa mkono wa chuma, alimshika paji la uso na kuuondoa mkono wake haraka.

"Mwanangu ana baridi ya maiti," alisema. "Umempeleka wapi wewe?"

"Kazini, mama. Kama siku zote."

"Kazi gani ya kumfanya mtu awe kama samaki wa barafu?"

Wakamfunika mablanketi, wakampa chai ya moto, akainywa yote bila kupata hata tone la jasho. Mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa juu ya jiwe, haukuhisi kitu. Alimwagikiwa na chai akaiangalia tu ikichirizika. Walipokuwa mezani umeme ukakatika. Mama mkwe akanung'unika, akasukuma kiti.

"Mishumaa iko wapi tena?"

"Limefunikwa," ikajibu sauti ya Kiwembe.

Haikutoka kwenye kiti chake. Ilitoka kwenye kona karibu na kabati la vyombo, na Bi Taa, ambaye wakati ule ule alikuwa amemshika mumewe mkono chini ya meza, alikaa bila kuvuta pumzi mpaka mama mkwe alipowasha kiberiti na kona ikaonekana haina mtu, ina ufagio tu na viatu vya zamani.

"Umesema nini, mwanangu?" mama mkwe aliuliza.

"Sijasema kitu, mama," Kiwembe alijibu, na safari hii hakukohoa.

Tangu siku hiyo alianza kupungua. Si mwili, la. Mwili ulikuwa ule ule na suruali zilimkaa vilevile. Kilichopungua kilikuwa kitu ambacho mke hukijua na daktari hakipimi. Aliacha kutaniwa, kwa kuwa mzaha ulimpita bila kumgusa. Kitandani alikuwa baridi upande wake wote, na Bi Taa alimkumbatia hivyo hivyo, akakaza meno. Kikohozi chake cha aibu kilitoweka kabisa. Lakini kila alipopita karibu na mlango wa chumba cha giza, Bi Taa alikisikia kikohozi hicho kikitoka ndani.

Wenzake walipokwenda kula mchana, Kiwembe alijipenyeza huko. Bi Taa alimfuata siku moja, akamkuta ameketi sakafuni gizani, mgongo ukutani.

"Toka humu, baba," alimwambia kwa kunong'ona. "Toka, utaugua."

"Naota joto," alijibu.

"Joto gani? Humu pumzi inaganda!"

"Langu. Joto langu liko humu, mke wangu. Mimi nalifuata tu."

Bi Taa alimwona kama mtu anayeweweseka. Alimshika kwapani, akamvuta nje kama mzigo, na nyuma yao, ndani ya chumba kitupu, mtu akacheka taratibu kicheko cha Kiwembe cha zamani, kile cha mbuzi mnono. Sauti ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa na uhai kuliko ya mtu aliyemshika, na Bi Taa alijikuta, kwa nukta moja tu na kwa aibu kubwa, anataka kugeuka aingie tena.

Alikwenda kulitazama jiwe chini ya taa ya zambarau, peke yake. Alama nyeupe haikuwa tena mkono. Mkono ulikuwa umepata bega, bega likapata kifua na kiuno na miguu, mtu mzima mdogo amesimama ndani ya zambarau, shati lake na hata mfuko wa shati alimozoea kuweka miwani vikionekana. Kulikosekana uso. Pale pa uso palikuwa pameanza kuwa peupe kutoka kidevuni kwenda juu, kama maji yanayopanda kwenye kitambaa.

Akamwendea Daktari, akamweleza yote. Daktari alimsikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kasoro za fuwele, Bi Taa. Zinashika nishati, zinaiachia polepole, jiwe linaendelea kung'aa. Hilo liko vitabuni."

"Na baridi iko vitabuni?"

"Nitakwenda mwenyewe nikuonyeshe."

Akaenda kwa mikogo. Alitoka kabla hata pazia halijatulia, midomo imempauka. Hakusema alichokisikia. Alichukua koti lake, akasema ana udhuru wa kifamilia, na kwa siku zilizofuata aliongoza maabara kwa simu. Bi Taa hakumlaumu. Mwenye macho haambiwi tazama, na aliyekwisha tazama mwache akimbie.

Kimbilio lililobaki lilikuwa Shangazi.

Shangazi, dada wa marehemu baba yake Bi Taa, alikuwa na kazi mbili katika ujana wake. Mchana alisafisha filamu kwenye studio ya picha. Jioni alifukuza majini kwenye nyumba za watu. Alikuwa akisema kazi hizo ni moja, ila ya pili haina sabuni. Alivaa jozi mbili za miwani, moja machoni na moja utosini, na alimsikiliza mpwa wake huku akitia sukari kwenye chai kama anayejaza shimo.

"Filamu ni nini?" aliuliza mwishowe. "Ni fedha hiyo hiyo yenu, imepakwa kwenye plastiki. Mimi nimeosha sura za watu gizani tangu hujazaliwa. Mara moja moja, kwenye beseni, sura ya kwanza kutokea haikuwa ya mtu aliyepigwa picha. Huyo wako ni jini wa fedha."

"Anataka nini kwa mume wangu? Kiwembe hajamkosea mtu."

"Ndiyo maana. Kachagua asiyegombana." Shangazi akakoroga chai. "Jini wa fedha hana mwili, hana joto. Vyote huazima. Na akiazima, mwanangu, harudishi, kama jirani na ungo. Uso ukikamilika kwenye jiwe, mumeo amekwisha."

Bi Taa akaanza kulia. Shangazi akamwacha alie kidogo, kisha akamgonga goti kwa kijiko.

"Sikiliza. Utaingia. Utawakuta wawili gizani, wote wanamjua mkewe. Mshike wako, umvutie kwako. Kisha lifunike jiwe, ndipo uwashe taa kubwa. Kwenye mwanga hutoka mmoja tu, yule uliyemshika. Mwingine hubaki jiweni. Likipigwa na taa kubwa bila kufunikwa, wakati sura imo ndani, aliyemo anafutika moja kwa moja."

"Basi nisilifunike! Nimwache jini afutike!"

"Funika," Shangazi alisema kwa ukali, na miwani ya utosini ikamwangukia puani. "Funika, kwa sababu binadamu hukosea."

"Nitamjuaje wangu?"

"Wewe ndiye mkewe. Mimi nilikula pilau ya harusi tu."

Kesho yake mchana Kiwembe aliingia chumba cha giza na hakutoka. Bi Taa aliita mlangoni mara nyingi. Kutoka ndani alijibiwa na sauti mbili zilizopandana, moja ikiwa na kikohozi na nyingine ikiwa haina. Shangazi aliketi kwenye kiti nje ya mapazia, kikombe cha chai miguuni, kikasha cha bati mapajani, mshumaa wa kuzibia kikasha mkononi, midomo ikisoma bila sauti. Bi Taa akapiga bismillahi, akaingia.

Baridi ilimfanya ajikunje. Taa ya zambarau aliyoishika ilionyesha jiwe tu mezani, likiwaka kijani, na ndani yake mtu mweupe ambaye uso wake ulikuwa umebakiza paji tu. Zaidi ya hapo giza lilikuwa zito kiasi kwamba mwanga uliishia kwenye ncha za vidole vyake. Harufu ya iodini ilimchoma pua. Akasikia wembe ukikata kitu laini, polepole, mahali ambapo hapakuwa na wembe.

"Mume wangu," aliita.

"Niko hapa," ikasema sauti ya kushoto, ikakohoa.

"Niko hapa," ikasema sauti ya kulia, kavu, dhaifu.

"Nani kati yenu alinichumbia humu ndani?"

"Mimi," zilisema zote mbili. "Nilisema sauti yako inanitosha," zikaendelea pamoja, neno kwa neno, na Bi Taa akahisi nywele zikimsimama kwa kuwa maneno yale hakuna mtu mwingine aliyewahi kuyasikia, hata mama mkwe, hata wale wenzao wa utani, maneno yaliyosemwa mara moja gizani na kubaki humo gizani miaka yote hiyo kwenye kuta nyeusi ambazo sasa alielewa kwamba huenda zilikuwa zikisikiliza, au labda kilichosikiliza kilikuja baadaye na kuyachota kutoka kwenye kifua cha mumewe pamoja na joto na kicheko na kila kitu kingine alichokuwa nacho.

Akaiweka taa mezani, akanyoosha mikono miwili mbele yake.

Mkono ulimshika kutoka kushoto. Ulikuwa na joto. Ulikuwa na joto la mkate uliotoka jikoni, joto la mumewe la siku zote kabla ya jiwe, nao ukamkumbatia vidole na kung'ang'ania. Kutoka kulia mkono mwingine ukamgusa, baridi kama bomba la maji asubuhi, ukatulia juu ya kifundo chake bila kubana.

Bi Taa hakufikiri sana. Nani angefikiri? Baridi ni ya jiwe, joto ni la mtu. Siku zote hizo alikuwa amelala karibu na baridi ile akiililia joto lirudi. Akausukuma ule mkono wa kulia. Ulikwenda bila ubishi, kama unaompisha mtu kwenye foleni. Akauvuta wa kushoto kifuani mwake.

"Wangu ni huyu," alisema.

Kijani cha jiwe kikazimika. Kwa mkono uliobaki huru akalizungushia jiwe kitambaa, mara ya kwanza, mara ya pili, akajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe kwamba limefunikwa, akawasha taa kubwa. Mumewe alikuwa mikononi mwake, mashavu yamejaa damu, machozi yanamtoka.

"Umenitoa," alisema, akakohoa kikohozi chake cha aibu. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

Shangazi aliliweka jiwe na kitambaa chake kwenye kikasha, akakiziba kwa nta ya mshumaa, akakisukuma ndani ya droo ya chini. Kisha akamtazama Kiwembe kwa miwani yote miwili, akaondoka bila kumaliza chai.

"Kikae humo," alimwambia Bi Taa mlangoni. "Usikiguse. Ukiona lolote, niite kwanza mimi. Umesikia? Kwanza mimi."

Nyumba ikapata furaha iliyokuwa imehama. Mama mkwe alimshika mwanawe paji la uso na kupiga kigelegele. Kiwembe alikula, akacheka, akatania. Alianza hata kugombania kipande cha nyama cha mwisho, na mama mkwe akasema ugonjwa umemfundisha kuishi. Kitandani palikuwa na joto tupu. Bi Taa alilala usingizi wa mtoto na hakuuliza kitu, kwa maana mtu aliyerudishiwa alichopoteza hakikagui sana.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, nao hawakusema kina baridi.

Asubuhi moja ya mapumziko jua lilipenya kwenye tundu la pazia na kuangukia mkono wa Kiwembe aliyekuwa bado amelala. Bi Taa alikuwa akichana nywele. Aliliona doa la jua likisogea polepole juu ya ngozi, na kila lilipopita ngozi ilibaki na rangi ya zambarau iliyofifia, rangi ya pigo, rangi aliyoijua vizuri kuliko rangi ya nguo zake. Akainama. Akaisogeza pete ya ndoa ya mumewe taratibu kwa ncha ya ukucha. Chini ya pete palikuwa peupe kama nta.

Alikumbuka kwamba tangu siku ile hakuwahi kumwona mtu huyu akitembea juani bila mikono mirefu na kofia. Akakumbuka mengine, yote kwa pamoja, na kila moja lilimwingia kama sindano. Joto langu liko humu. Vyote huazima. Akaukumbuka ule mkono wa baridi uliomgusa bila kubana, uliosukumwa ukaenda. Katika maisha yake yote Kiwembe hakuwahi kung'ang'ania kitu.

Alimpigia Shangazi simu kutoka barabarani huku akikimbia. Simu iliita, haikupokelewa. Alipaswa kusubiri. Lakini mwambie nani asubiri wakati mume wake yuko kwenye droo?

Maabara ilikuwa tupu. Katika chumba cha giza baridi ilimpokea mlangoni, na droo ya chini ilikuwa imeota barafu kwenye kingo zake. Alizima taa kubwa kwanza, akashusha mapazia, akahakikisha giza limekamilika. Akaivunja nta kwa kucha. Akafungua kitambaa fundo baada ya fundo, akakiweka mezani karibu na kiwiko chake, akalishika jiwe kwa viganja viwili. Halikuwaka. Lilikuwa zito na baridi ya kuumiza, naye alilileta mdomoni kama mtu anayepuliza moto.

"Limefunikwa?" alinong'ona.

Kisha kutoka viganjani mwake, kwa mbali, kama mtu anayeongea huku meno yanagongana, akajibiwa.

"Bado, mke wangu. Usiwashe."

Bi Taa akalia kwa sauti. Alilikumbatia jiwe, akaliambia nisamehe, nisamehe, nakupeleka kwa Shangazi sasa hivi, hutabaki humu hata siku moja zaidi, mimi ndiye niliyekusukuma, ni mimi, nisamehe. Na sauti ile ndogo ikasema tu, kwa upole wake wa siku zote, kwamba si kitu, afunike kwanza. Akanyoosha mkono kuchukua kitambaa.

Meza ilikuwa tupu. Akapapasa mpaka ukingoni, akapapasa sakafuni, akarudi mezani. Ndipo aliposikia pumzi ya joto ikimpita shingoni, kisha kikohozi kidogo cha aibu kutoka upande wa swichi.

"Limefunikwa," ikasema sauti ya mumewe, na taa kubwa ikawaka.